Marehemu Aliyeahidi Kungoja

Ngatia alikuwa mume mwema, Mungu amrehemu, lakini kungoja hakukuwa miongoni mwa vipawa alivyojaliwa. Miaka yote aliyoishi na Mumbi, haikutokea hata siku moja akamngoja avae viatu bila kupiga honi. Alianza kupiga honi huko Thika, kwa pikapu yake ya kubeba maziwa, akaja kuendeleza kazi hiyo huku Scarborough, Kanada, chini ya jumba la ghorofa, mpaka majirani wakachungulia madirishani wakidhani kuna moto. Hata siku ya harusi yao alitoka nje ya kanisa kuuliza bibi harusi amekwama wapi, na bibi harusi hakuwa amechelewa.

Kwa hiyo siku ile hospitalini, moyo wake ulipokuwa umechoka na madaktari wameanza kuongea kwa sauti ya chini, Ngatia alipomshika mkewe mkono na kumwambia, "Usiwe na haraka. Nitakungoja pale langoni," Mumbi alijua anapewa kitu ambacho mtu huyu hakuwahi kumpa binadamu mwingine. Wajane wengine huachiwa mashamba. Yeye aliachiwa subira, tena na mtu ambaye hakuwa nayo. Huu sasa ulikuwa mwaka wa nane, na ahadi hiyo alikuwa ameiweka moyoni asimwambie mtu, hata binti yake Melissa.

Mambo yangeendelea hivyo kama si Tharcisse.

Tharcisse alikuwa mgane kutoka Uvira, Kongo, mtu mpole mwenye mabega mapana, aliyeimba besi katika kwaya ya kanisa lao. Kanisa lenyewe lilikuwa limepanga chumba kati ya duka la nyama ya halali na saluni ya kucha, na Jumapili baada ya ibada watu walibaki kula. Tharcisse hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa mtu wa kubeba sufuria. Alimbebea Mumbi sufuria yake ya githeri mpaka kituo cha basi mwaka mzima, na wanakwaya wote walikwisha kujua sababu kabla yeye mwenyewe hajajua.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa tano walikuwa wawili jikoni, wakiosha vyombo. Tharcisse alikausha kifuniko kimoja kwa muda mrefu kuliko kifuniko chochote kinavyohitaji.

"Maman Mumbi," akasema, "mutoto wangu Inès anahamia Edmonton. Anataka mi niende naye, nikae na wajukuu. Nilimwambia nitamujibu mwisho wa mwezi. Alors, mi niko na swali. Kama wewe unaweza kukubali tuoane, ninabaki. Kama hapana, basi, naenda kula baridi ya kule."

Mumbi alifurahi. Tuseme ukweli, alifurahi mpaka akaona aibu, mama mzima mwenye kadi ya wazee ya basi. Alifungua mdomo aseme ndiyo. Papo hapo akamwona Ngatia amesimama langoni, mikono mfukoni, akichungulia barabara.

"Baba Inès," akasema, "nipe siku kidogo."

Angemwambia nini zaidi? Kwamba ana miadi na marehemu?

Jumatano alibaki nyuma baada ya somo la Biblia, akamkabili Mchungaji Nyakundi. Mchungaji alikuwa mtu wa Kisii, msomi, mcheshi, na alipenda sana maswali, hasa yale aliyokuwa na majibu yake.

"Pastor, mtu akishafika mbinguni, anangoja?"

"Anangoja nini, Mama Melissa?"

"Mke wake, kwa mfano."

Mchungaji akaweka begi lake chini. Akaeleza vizuri, kwa upole, kwamba kule hakuna kuoa wala kuolewa. Watu watakuwa kama malaika.

"Na miaka yote hiyo niliyofua mashati ya Ngatia," Mumbi akauliza, "nilikuwa nafanyia mazoezi gani?"

Mchungaji akakohoa. Akahama hapo haraka, akaingia kwenye muda. Asihofu, akasema, kwa sababu kwa Mungu miaka elfu ni kama siku moja tu. Alitaka kumfariji. Lakini Mumbi alikuwa amewahi kuwa mweka hazina wa chama cha akina mama, na mtu wa namna hiyo humpi hesabu ukamwacha nayo hivi hivi. Akatoa simu, akabonyeza, akagawanya, akaangalia jibu kwa hofu.

"Pastor, hii miaka minane inakuwa dakika kumi na moja na kitu."

"Unaona? Kidogo sana."

"Kidogo? Wewe hukumjua Ngatia. Kwa dakika tano alikuwa ameshaamsha mtaa. Kama ni dakika kumi na moja, hao malaika hawana raha huko."

Mchungaji alicheka mpaka akashika kiti. Alipopata pumzi alirudi kwenye usomi wake, akasema ile ya miaka elfu ni namna ya kusema tu. Umilele si muda mrefu, akasema, umilele ni kutokuwa na muda kabisa. Kwa Mungu hakuna jana wala kesho. Yote ni sasa.

Mumbi alifikiri. Nje, basi lake lilipita, akaliacha lipite.

"Kama hakuna muda, mtu atangojaje?"

"Hawezi kungoja."

"Basi mume wangu alinidanganya, na alikuwa anakufa."

"Sivyo, Mama. Alisema kwa lugha ya huku."

"Na kama huko yote ni sasa, mimi niko huko tayari?"

"Kwa namna fulani, ndiyo."

"Na huyo mimi aliye huko, ameolewa na nani?"

Mchungaji akaangalia saa.

Mumbi hakumchukia. Alijua wachungaji nao wanabahatisha kama sisi wengine, ila wanabahatisha wakiwa na vitabu. Lakini alirudi nyumbani na mzigo mzito kuliko aliokwenda nao. Kabla alikuwa anaogopa tu kwamba Ngatia amesimama anamngoja. Sasa alianza kuogopa pia kwamba hamngoji, na hofu hii ya pili ndiyo iliyomliza kwenye basi.

Kesho yake alikutana na Tasleem katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya jumba lao. Tasleem alizaliwa Kisumu, akaja Kanada akiwa msichana, na Kiswahili chake kilikuwa kimekaa vilevile kama alivyokibeba. Walikuwa wakisengenya pamoja mbele ya mashine zile tangu Ngatia yu hai. Mumbi alimweleza habari nzima, na Tasleem alisikiliza huku akikunja foronya.

"Huyo Mkongo anaitwa nani? Tharcisse? Ana meno yake?"

"Tasleem, mimi naongea juu ya umilele."

"Hata mimi. Umilele bila meno ni mrefu." Akaweka foronya juu ya nyingine. "Sikia. Sisi, bibi yangu mzaa mama aliolewa mara mbili, na alikuwa akituambia huko mwanamke atapewa achague. Atachagua yule mwenye tabia nzuri kuliko mwenzake. Sijui alisikia wapi, lakini alikuwa anasema akimwangalia babu vibaya."

"Tabia nzuri? Basi Ngatia amekwisha."

Wakacheka wote wawili. Kisha Mumbi akaona amemsaliti, akaacha kucheka. Maana ni kweli Ngatia alipiga honi, lakini katika maisha yao yote hakuwahi kuondoka bila yeye. Alipiga, akatukana kidogo, akapiga tena, na mke aliposhuka alimkuta yupo, injini inanguruma, mlango wa upande wake umeshafunguliwa.

"Hakuwa na tabia mbaya," akamwambia Tasleem kwa ukali. "Alikuwa na haraka."

"Mimi sijasema kitu," akasema Tasleem.

Ijumaa jioni Melissa akapiga simu. Melissa alifanya kazi ya kompyuta katikati ya jiji na alielewa Kiswahili chote, ila kujibu bila kuchanganya Kiingereza ndiko kulikomshinda.

"Mum, Mr. Tharcisse alinicall. Anataka kujua Dad alizikwa wapi."

"Ukamwambia?"

"I sent him the location. He said he's going tomorrow, na ni muhimu. Mum, is there something I should know?"

"Ni mambo ya kanisa," akasema Mumbi, akakata simu kabla sauti yake haijamchongea.

Jumamosi asubuhi alivaa koti, akapanda basi mpaka makaburini. Hakujua anakwenda kuzuia nini. Mvua ilikuwa imenyesha, majani yamechipua, na mabata bukini walikuwa wakitembea kati ya makaburi kama wenye mali. Alipokaribia kaburi la mumewe aliona wanaume wawili wamevaa suti. Mmoja alikuwa Tharcisse, ameshika kreti ya soda kifuani. Mwingine alikuwa Willy, rafiki yake wa tangu kambi ya wakimbizi, aliyekuwa na sauti ya kuuza ng'ombe. Mumbi akajibanza nyuma ya jiwe kubwa la ukoo mmoja wa Kiitaliano, akasikiliza bila aibu yoyote.

"Muzee Ngatia," Willy alikuwa akilitangazia jiwe, "sisi ni wageni, tumetoka mbali, lakini tumekuja kwa heshima! Tumeona mu nyumba yenu kuna ua, na kijana wetu amelipenda hilo ua!"

Mumbi akaelewa, akajiziba mdomo. Kwao Tharcisse mwanamume haendi kujiombea mke. Anakwenda na msemaji, anakwenda na vinywaji, na yeye mwenyewe anakaa kimya kama mtoto wa watu huku msemaji akimwaga maneno. Upande wa binti nao huwa na msemaji wao, ambaye kazi yake ni kusumbua: kujifanya hajui binti gani, kuuliza mlipitia njia ipi, kukataa kwanza ili kukubali kuwe na utamu. Sasa Mumbi baba yake alikuwa amelala Thika, na wajomba zake vilevile. Tharcisse alikuwa amekaa akafikiri kwa uaminifu wake wote ni nani aliyebaki wa kuombwa, akaona ni Ngatia. Hilo lilikuwa kosa la mtu mwenye adabu nyingi. Alikuwa amepeleka posa mahali ambapo hapawezi kutoka jibu.

Willy alinyamaza, kwa mazoea, angoje upande wa pili useme. Upande wa pili haukusema. Bata bukini mmoja akalia.

"Amesema nini?" Willy akanong'ona.

"Endelea," akasema Tharcisse.

Willy akainama asome jiwe vizuri, ili ajue cheo cha mtu anayezungumza naye. Mara akaruka nyuma.

"Tharcisse! Huyu mwanamke alishakufa! Jina lake liko hapa!"

"Bado," akasema Mumbi, akitokea nyuma ya Waitaliano.

Willy akapiga yowe la kumtia aibu mtu wa suti. Tharcisse hakupiga yowe, lakini chupa zote za kreti ziligongana. Ikabidi Mumbi awaeleze kwamba jiwe ni la watu wawili, ndivyo yanavyouzwa huku, na kwamba aliandikisha jina lake mapema kwa hiari yake, mwaka wa kuzaliwa na kistari, kwa sababu hakutaka Ngatia alale chini ya jina moja. Ndugu zake Thika walipoona picha walimpigia simu wakilia, wakamwambia amejiitia kifo. Ilimchukua miezi kuwatuliza.

"Pardon, Maman," akasema Tharcisse. Uso wake ulikuwa umeiva kwa fedheha. "Mi sikutaka uone hii. Ilikuwa ya kati yangu na yeye."

Angeweza kumwonea huruma ayamalize hapo. Lakini Mumbi alikuwa amebeba swali lake tangu Jumapili, mchungaji amelikimbia na Tasleem amelicheka, na hapa mbele yake palikuwa na posa nzima imekosa mtu wa kuijibu. Akazunguka, akasimama upande wa Ngatia, mgongo kwenye jiwe.

"Karibuni, wageni," akasema. "Marehemu leo ana msemaji."

"Nani?" akauliza Willy.

"Mimi."

"Maman, haiwezekani! Binti hawezi kujisemea!"

"Unaye mwingine?"

Willy akaangalia huku na huku. Walikuwapo mabata. Akarekebisha tai yake, akakohoa, na ule utu wa msemaji ukamrudia.

"Bon. Tumekuja kuomba ua."

"Maua hapa ni mengi," akasema Mumbi. "Tazameni wenyewe. Mnataka lipi?"

"Ile yenye inaimba soprano, na kila Jumapili inakosea mustari wa pili."

"Huyo hatumjui. Wetu hakosei."

"Ile yenye inapika githeri."

"Mlionja wapi?"

"Kijana wetu alibeba sufuria mwaka muzima. Harufu tu ilimwambia."

Mumbi akacheka, na Tharcisse akatabasamu akiangalia chini, maana kijana wa posa haruhusiwi kucheka. Kisha Mumbi akaona kwamba akiendelea kucheka hatauliza kamwe.

"Sawa, tunaye," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Lakini yuko mtu alimwambia atamngoja. Alimwambia akiwa anakufa. Sasa mseme. Siku huyo mama atakapofika huko, akamkuta wa kwanza amesimama langoni, na nyuma anakuja wa pili, mtamgawana vipi?"

Willy alitafuta katika maneno yake yote ya harusi, ya Uvira, ya Bujumbura na ya kambini, asipate hata moja. Akamgeukia Tharcisse. Tharcisse akaweka kreti chini kwenye majani na kuvunja mila.

"Mi sijui," akasema.

Akapangusa mikono yake kwenye suruali.

"Bibi yangu Sabine, mama ya Inès, alikufia mu njia, wakati tunakimbia vita. Tulimuzika mu shamba ya ndizi, sijui ya nani. Asubuhi tukaondoka. Hana jiwe. Sikumwambia ninakuja Canada, hata mi mwenyewe nilikuwa sijui. Yeye ananijua mutu wa Uvira. Miaka yote hii naogopa kama anangoja, anangojea kule kwa ndizi, na mi niko huku Scarborough. Wewe unaogopa bwana yako amesimama mulangoni. Mi naogopa wangu hajui mulango uko wapi."

Willy alikuwa amevua kofia.

"Kukugawana, hapana," Tharcisse akaendelea. "Siwezi kumwambia Ngatia atoke, na siwezi kumwambia Sabine atoke. Mungu atajua. Kama aliumba vitu hivi vyote, hatashindwa kupanga viti. Lakini nilikuja kumwomba Ngatia kitu moja, na kuomba bibi ilikuwa ya pili. Nilitaka kumwambia hivi: kama uko pale mulangoni, na unaona mwanamuke mufupi, peke yake, anauliza-uliza watu njia, mwambie Tharcisse atakuja. Mwambie asiogope. Ni hiyo tu."

Mumbi akalia. Hakulia kwa staha, alilia kama watu wanavyolia Thika, akashika jiwe asianguke. Na katikati ya kilio kicheko kikampata, kwa sababu alikuwa amewaona: Sabine amefika akiwa na wasiwasi, na Ngatia, ambaye hakuweza kukaa kimya na mgeni hata kwenye lifti, ameshamshika kwa maneno.

"Atamwambia," akasema, akipangusa macho. "Hilo usiwe na shaka. Atamwambia, halafu atamchosha kwa hadithi za pikapu."

"Sabine anapenda hadithi," akasema Tharcisse.

Ndipo Mumbi alipoona kitu ambacho mchungaji hakumwonyesha. Miaka minane alikuwa akiuliza kama Ngatia ameshika ahadi, na hakujiuliza hata mara moja ni nani anayemsimamisha pale. Yeye ndiye aliyemsimamisha. Mtu asiyeweza kungoja alijitolea kungoja, naye akapokea, akafunga mkono, akamwacha amesimama, kwa sababu ilimpendeza kungojwa. Iliuma kujua hivyo. Akageuka, akaweka kiganja chake juu ya jina la mumewe, akamsemesha kwa Kikuyu, polepole, wale wawili wasielewe.

"Ngatia, usiningoje. Nitakuja, sijasema sitakuja. Sijui kama huko kuna saa au hakuna, hawa wa huku wameshindwa kuniambia. Kama hakuna, basi nimeshafika na unanicheka. Lakini kama iko, usikae mlangoni. Ingia ndani ukae. Ukimwona huyo mama, ingia naye. Umengoja vya kutosha, baba. Asante."

Alikaa hivyo kitambo, na hakusikia chochote ila maji yakidondoka kutoka mitini. Hakuwa ametegemea kusikia. Aliona tu kifua chake kimekuwa chepesi, na wepesi huo ulimtisha kidogo.

"Msemaji," Willy akasema taratibu, kwa kuwa kazi ni kazi, "upande wenu umeamua nini?"

Mumbi akasimama wima.

"Mwambie huyo kijana wenu asiende Edmonton."

Willy akatupa kofia juu, mabata wakatawanyika. Akamkumbatia Tharcisse, akataka kumkumbatia Mumbi, akakumbuka mila, akampa mkono. Kisha akasema atatangulia kuleta gari karibu na lango, akaenda zake akiimba peke yake njia nzima. Tharcisse alibaki amesimama na mikono isiyojua pa kwenda.

"Nataka kukaa naye kidogo," Mumbi akamwambia. "Nisafishe hili jiwe."

"Mi niende na Willy?"

Mumbi alikuwa ameshapiga magoti, leso mkononi, akipangusa matope kwenye herufi.

"Hapana," akasema. "Wewe ningoje."

Tharcisse akatoa chupa, akageuza kreti, akaikalia, akangoja.